Kivuli Kiko Wapi? Mastaa Acheni Kutuuzia Projekta za Kiini Macho

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina hasira, na naitoa hapa hapa kwa sababu nyie ndo mtanielewa.

Kuna mwanadada mmoja hapa mjini, jina kapuni, mafolowa alionao wanaweza kujaza Uwanja wa Mkapa mara kadhaa na wengine wakabaki nje. Alirusha video yuko sebuleni kwake, mchana kweupe, pazia wazi, taa za dari zote zinawaka, na ukutani kuna picha inang'aa kuliko TV ya dukani. Kapsheni yake: sinema nyumbani, inchi 200, 4K, lumeni 9000, bei chee, njoo inboksi nikupe namba ya punguzo.

Sasa irudie ile video taratibu. Mwishoni anapita mbele ya projekta kwenda kuchukua glasi yake ya juisi. Anapita katikati kabisa, kati ya mashine na ukuta. Kivuli hakuna. Wala mwanga haumpigi usoni. Wala zile rangi za filamu hazionekani kwenye gauni lake jeupe.

Jamani, hata mtoto aliyewahi kuchezea tochi ukutani umeme ukikatika anajua kwamba ukikatiza mwanga lazima kivuli kitokee. Ile picha imebandikwa kwenye kompyuta baada ya kurekodi. Ile projekta siku ile inawezekana hata haikuwa imechomekwa kwenye umeme. Na chini watu wameandika "dada unatuwakilisha", "nataka mbili", "mnafika Mwanza?"

Mimi nisingeandika kama ningekuwa nimeiona tu kwenye simu nikacheka nikapita. Naandika kwa sababu kaka yangu alinunua.

ZINGA, CHUMBA CHA UANI

Bro wangu anaishi Zinga. Kwa msiopajua, ni ukiwa unaelekea Bagamoyo, umepita Bunju, umepita Mapinga, umepita Kerege. Kama wengi wa kule, alikimbia kodi za Dar, akapata kiwanja, akajenga kidogo kidogo. Leo tofali, mwakani bati, mwaka unaofuata madirisha. Mwaka huu ilikuwa zamu ya dari. Pesa ya jipsamu ilishatimia, shemeji alikuwa ameshapigiwa hesabu na fundi.

Ila bro ana watoto wawili wa kiume, mmoja darasa la sita, mwingine la nne. Na kule jioni burudani ni kibanda umiza. Sina ugomvi na vibanda umiza, mimi mwenyewe nimekulia humo, filamu zote za makarate nilizoangalia utotoni nimeangalia nimekaa kwenye benchi la mbao. Lakini watoto walianza kurudi saa nne usiku, barabara kubwa iko pale, malori yanapita, na mle ndani kuna watu wazima na bangi zao. Bro akafikiria: kile chumba cha uani si kipo tupu? Nikiweka projekta, godoro chini, sabufa yangu ile, watoto watabaki nyumbani. Na marafiki zao waje kwetu, angalau nawaona.

Wazo zuri. Wazo la baba. Akachukua sehemu ya pesa ya dari, laki mbili na elfu tisini, akamtumia muuzaji aliyetajwa na yule mwanadada. Boksi likafika kwa bodaboda siku ya tatu.

Mimi nilikuwepo siku ya kufungua. Bro kapaka ukuta rangi nyeupe kwa ajili ya shughuli hiyo. Watoto wamekaa kwenye godoro kabla hata mashine haijawashwa. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, kuna mechi. Tukawasha. Ukutani tukaona kitu kama ukungu wa asubuhi. Unaona kijani, unaona kuna vitu vinatembea. Yule mdogo akaniuliza kwa upole kabisa, "Ba'mdogo, mpira uko wapi?"

Nikasema tusubiri giza. Giza likaingia, picha ikaonekana kiasi, lakini mpira ulikuwa bado hauonekani, na maandishi ya matokeo pale juu yanasomeka katikati tu, pembeni yote ni matope. Kwenye dakika ya 60 feni ya mashine ikawa inalia kuliko mtangazaji. Watoto wakaomba ruhusa ya kwenda kulala. Hawakwenda kulala. Walikwenda kibanda umiza.

Bro kamwandikia muuzaji, kajibiwa kwamba ukuta wake ndo mbaya. Kaandika tena, kapigwa bloku. Kamwandikia yule mwanadada, ujumbe haujafunguliwa mpaka leo. Shemeji hajasema neno. Wanaume mliooa mnajua kwamba hiyo ni mbaya kuliko kusemwa.

UONGO WA KWANZA: LUMENI 9000

Baada ya hapo nikaanza kusoma. Mimi ni kijana wa form four tu, sijasomea umeme, lakini hesabu ya kujumlisha na kugawanya ninayo. Na hii hesabu ni ya kujumlisha na kugawanya.

Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga. Taa ya LED ya wati 9, ile ya kawaida uliyonayo sebuleni, inatoa karibu lumeni 800 hadi 900. Kwa hiyo shika kichwani: wati moja, lumeni kama 100.

Sasa geuza ile projekta uangalie nyuma kwenye kile kikaratasi cha umeme. Ya bro imeandikwa wati 70. Hata kama wati zote 70 zingeenda kwenye taa, bila feni, bila spika, bila chochote, ungepata lumeni 7000. Tayari 9000 haifiki, na hatujaanza.

Kwenye mashine hizi za bei rahisi, mwanga unapita kwenye kioo kimoja cha LCD, kama kile cha TV. Kioo hicho kina chujio la kwanza linalokata kama nusu ya mwanga. 7000 inakuwa 3500. Halafu kuna vichujio vya rangi, nyekundu, kijani na bluu, kila kimoja kinapitisha rangi yake na kuzuia nyingine, kwa hiyo inabaki kama theluthi. 3500 inakuwa 1166. Bado lenzi, bado ule mwanga unaopotelea ndani ya boksi. Na kumbuka tulianza kwa kudanganyana kwamba wati zote zimeenda kwenye taa. Kinachofika ukutani kwa mashine za namna hii ni mamia machache. Lumeni 200, 250, siku njema 300.

Hiyo 9000 inatoka wapi? Wajanja wanahesabu mwanga wa taa peke yake kabla haujapita popote, na wengine wanaandika tu namba wanayoipenda. Kipimo halali kipo. Kinaitwa ANSI, na kuna cha kimataifa kinaitwa ISO 21118. Unagawa picha ukutani vipande 9, unapima mwanga kila kipande, unatafuta wastani, unazidisha na ukubwa wa picha. Kinapimwa pale ukutani, pale mtoto anapoangalia. Projekta yenye lumeni 9000 za kipimo hicho ipo kweli. Ni zile mashine nzito za kumbi kubwa, na bei yake unapata gari lililotumika.

Na msidhani ni Bongo tu. Huko Marekani kampuni ya Epson imeshazipeleka mahakamani kampuni kadhaa kwa madai ya kuandika lumeni za uongo. Sawa, Epson naye anauza projekta, ana maslahi yake. Ila angalau wenzetu kuna mtu anashtakiwa. Sisi tunatuma emoji za moto.

UONGO WA PILI: 4K

Hapa ndo wanatumia Kiingereza kama panga. Kwenye boksi wanaandika "4K supported". Ukisoma haraka unaona 4K, unaweka pesa.

Picha ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Fulu HD ni 1920 kwa 1080, kama milioni 2. Mashine ya bro, nilipokuja kuitafuta kwenye karatasi ya maelezo, kwa maandishi madogo kabisa, ni 800 kwa 480. Nukta 384,000. Yaani ukichukua nukta 21 za picha ya 4K, ile mashine inazifanya moja. Sasa mpira ungeonekana vipi? Mpira wenyewe kwenye kamera ya mbali ni nukta chache tu, umeshamezwa.

Kile "supported" maana yake ni kwamba ukichomeka filamu ya 4K haitagoma, itaipokea na kuiponda mpaka itoshe kwenye udogo wake. Ni sawa na mtu aseme daladala yake inapokea abiria 100. Kupokea inapokea. Wanakaaje humo, hilo ni swali lingine.

Neno la kuuliza ni "native". Muulize muuzaji: native yake ngapi kwa ngapi? Akianza kuzunguka, funga inboksi.

UONGO WA TATU: INCHI 200

Inchi 200 ni picha yenye upana wa karibu mita 4 na nusu. Wewe chumba chako ni kumi kwa kumi. Futi kumi ni mita 3. Sasa hiyo picha utaiweka wapi, iingie mpaka kwa jirani?

Projekta ina uwiano wake wa umbali. Kama uwiano ni 1.4, maana yake ili upate picha ya upana wa mita 1, mashine ikae mita 1.4 kutoka ukutani. Picha ya inchi 100 ina upana wa mita 2.2, kwa hiyo unahitaji mita 3 na kidogo, na hapo bado hujahesabu urefu wa mashine yenyewe na waya zake nyuma. Kwenye kumi kwa kumi haitoshi. Unaishia inchi 80, na hiyo si mbaya, lakini hukuuziwa inchi 80.

Halafu mwanga ni ule ule, ukiutandaza unakuwa mwembamba. Kama kupaka siagi. Ukienda inchi 200 kutoka 100, eneo linakuwa mara nne, mwanga unabaki robo. Kwa kiwango cha majumba ya sinema, inchi 100 kwenye giza totoro inahitaji lumeni halisi kama 400 hadi 500. Inchi 150 inahitaji kama 1000. Ukitaka kuangalia dabi ya Kariakoo saa kumi na moja jioni dirisha liko wazi, fikiria 3000 na bado usitegemee maajabu, kwa sababu hakuna projekta inayotoa rangi nyeusi. Nyeusi yake ni ule ukuta wako ambao haujapigwa mwanga. Ukuta ukiwa na jua, nyeusi yako ina jua. Hata ZIFF kule Unguja, filamu za pale wazi Ngome Kongwe wanasubiri usiku uingie. Wao wana mashine za maana na bado wanaheshimu giza. Mwanadada wetu anaangalia mchana na taa zimewashwa.

"ACHA WIVU"

Najua mnachotaka kuandika hapo chini, ngoja nikusaidie.

"Huo ni wivu, mtu anatafuta riziki." Riziki sawa. Lakini bro naye laki mbili na tisini ilikuwa riziki. Tangazo ni kazi, kupachika picha ya uongo ukutani ni kazi nyingine, na ina jina lake.

"Yeye ni balozi tu, hajui mambo ya lumeni." Hajui lumeni, ila anajua kama aliiona picha au hakuiona. Simdai awe fundi. Namdai kitu kimoja: aiwashe. Apite mbele yake. Tuone kivuli.

"Mnunuzi ndo mjinga, angeuliza." Hapa nakubali nusu. Hatuulizi. Tunaona mafolowa tunadhani ni udhamini. Lakini kama anayedanganywa ni mjinga basi tufute na sheria kabisa. Ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani, FCC, ndo wenye kazi hiyo, na sheria inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja. Bro nimemwambia akusanye risiti ya muamala, picha ya boksi na ile video, apeleke. Kaniangalia kama nimechanganyikiwa. Lakini sisi watu 200 tukipeleka malalamiko ya aina moja, hakuna atakayetuangalia hivyo.

"Wewe unataka masikini tusiwe na sinema nyumbani?" Hii ndo inayoniuma zaidi, kwa sababu ni kinyume. Kuna mchekeshaji mmoja, naye jina kapuni, anatangaza mashine za aina hii hii, halafu siku moja alionyesha nyumba yake mpya. Chumba chake cha sinema kina TV kubwa ukutani. TV! Kile anachotuuzia sisi hakikai kwake. Mwenye nacho kanunua kinachoonekana, asiye nacho kauziwa ukungu. Hilo ndo linanifanya nisilale.

SASA UNUNUE NINI

Sitaki kulalamika tu. Kama kweli unataka chumba cha sinema, fuata hivi.

Moja, pima chumba kabla ya kupima mfuko. Pima kutoka ukuta mpaka mashine itakapokaa, uliza uwiano wa umbali, piga hesabu. Kisha angalia giza. Kama huwezi kuziba madirisha kwa pazia zito, nunua TV. Sisemi kwa dharau. TV ya inchi 43 kwenye chumba chenye mwanga inaipiga projekta ya bei rahisi kila siku ya wiki.

Mbili, uliza maswali matatu tu: lumeni ngapi za ANSI au ISO, native ngapi kwa ngapi, wati ngapi. Ya tatu ndo mtego. Mtu anaweza kudanganya lumeni, wati mara nyingi inabaki imeandikwa nyuma pale. Ukisikia lumeni 9000 na wati 70, unajua unaongea na nani.

Tatu, usinunue ambayo hujaiona ikiwaka. Nenda dukani na flashi yako yenye kipande cha mpira wa miguu na kipande cha filamu chenye usiku. Mpira unakuonyesha nukta, usiku unakuonyesha nyeusi. Mwambie azime taa, halafu awashe. Angalia pembeni kama maandishi yanasomeka. Pita mbele uone kivuli chako, mwanangu, ufurahi.

Nne, projekta ya ofisini iliyotumika, ya kampuni inayojulikana, mara nyingi ni bora kuliko mpya ya uongo. Ila ingia kwenye menyu uangalie taa imetumika saa ngapi. Taa zile za zamani nyingi zinakadiriwa saa 3000 hadi 5000 hivi, na taa mpya inaweza kukugharimu karibu sawa na mashine. Nyingi ni 1024 kwa 768, picha ya mraba mraba, kwa hiyo filamu itakuwa na mistari myeusi juu na chini. Ukijua hilo mapema halikuumizi.

Tano, na hii ni kwa watu wa pwani. Sisi wa Zinga, Kiromo, Mlingotini na Bagamoyo mjini tuna hewa ya chumvi, na tuna vumbi la barabara za ndani. Projekta inavuta hewa ili ipoe, inavuta na hayo yote. Safisha chujio kama lipo, ifunike ikiwa haitumiki, usiiache dirishani inapokea upepo wa bahari. Weka stebilaiza. Na kama ni ya taa ya zamani, umeme ukikatika ghafla feni inasimama taa ikiwa bado ya moto, hiyo inaiua taratibu, kwa hiyo UPS ndogo si anasa.

Sita, iweke mashine imenyooka na ukuta. Kile kitufe cha kunyoosha picha iliyopinda kinaibana picha na kutupa nukta, na huna nukta za kutupa. Sauti pitisha kwenye sabufa. Vispika vya ndani ni vya kumsikia mbu.

MWISHO

Nilienda Zinga wiki iliyopita. Ile mashine iko juu ya kabati, imefunikwa kitenge. Dari bado, mvua ikinyesha kwenye bati hamsikilizani. Watoto bado wanaenda kibanda umiza, ila sasa bro anawafuata saa tatu na tochi, anawasubiri nje kwenye mchanga mpaka filamu iishe, wanarudi watatu. Kaniambia, "Bora hivi, mdogo wangu, angalau natembea nao." Akacheka. Mimi sikucheka.

Dada yetu jina kapuni, najua wapambe wako wanasoma huku. Sikudai pesa ya kaka yangu. Washa ile mashine laivu, mchana, pazia wazi, kama ulivyotuonyesha. Pita mbele ya ukuta. Kivuli kikitoka na picha ikabaki, nitafuta hii posti na nitakuomba radhi kwa jina langu.

Wadau, nani mwingine kapigwa na hizi projekta? Tupia hapo chini, andika wati iliyoandikwa nyuma ya yako na lumeni waliyokuuzia. Msitaje jina la mtu, tajeni namba tu. Namba zitaongea zenyewe.